Dukani anapima robo na nusu bila kukosea, shuleni sehemu zinampiga chini

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, nina kaduka kadogo hapa nje ya nyumba tunayopanga, nauza unga, sukari, mchele, maharage, mafuta ya kupima, na asubuhi napika chapati. Nakuandikia kuhusu mwanangu wa kati, ana miaka kumi, yupo darasa la nne na mwaka huu ndo wana mtihani wa taifa wa darasa la nne, sasa hizi hesabu za sehemu zinamtesa mpaka na mimi usingizi sipati.

Hesabu zingine anajitahidi, kujumlisha, kutoa, kuzidisha anaweza. Zikija zile za namba juu, mstari, namba chini, bas, daftari linarudi wino mwekundu mtupu. Anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Nikimuuliza kwanini anasema si moja na moja mbili, na mbili na tatu tano. Kuna siku nilimuuliza ipi kubwa 1/4 au 1/8 akasema 1/8 kwasababu nane ni kubwa kuliko nne, na alisema kwa kujiamini kabisa.

Kinachonichanganya ni hiki. Huyu mtoto jioni ananisaidia dukani, na mizani yangu bado ni ile ya mawe. Jumamosi iliyopita mteja kaja anataka robo tatu ya sukari, mimi nilikua nakanda unga mikono imejaa, yeye kaweka jiwe la nusu na jiwe la robo, kapima, sukari nauza kilo 3,000, kamwambia mama 2,250, kapewa noti ya elfu kumi karudisha chenji 7,750, wala hakuniuliza. Usiku nikasema ngoja nimpime, nikamwandikia 1/2 + 1/4 kwenye daftari, akaandika 2/6. Mwalimu, nilichoka. Nilimfinya nikamwambia unafanya makusudi, akalala analia, na mimi usiku ule nilijuta sana kwakweli.

Baba yake anasema ni uzembe tu, alishamchapa mara mbili kwa ajili ya hayo madaftari. Nilimpeleka twisheni ya jioni hapa mtaani, kila siku mia tano, huko wamemkaririsha tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), gawanya, zidisha, anaimba vizuri kabisa ila akipewa swali lingine anachanganya. Shuleni darasa lao lina watoto zaidi ya mia, mwalimu wake simlaumu, atamfikia nani amwache nani. Mimi mwenyewe niliishia la saba na hizi sehemu sikuwahi kuzielewa, nilizipita tu. Je mtoto wangu ana shida kichwani? Na mimi ambaye sijui, naweza kumsaidia kweli au nitazidi kumpoteza?

Mama wa Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo la kichwani ili upumue. Mtoto anayeweza kuweka jiwe la nusu na la robo, akajua hiyo ni robo tatu, akaitafutia bei kwa kilo ya 3,000 akapata 2,250 na chenji akarudisha sawasawa, huyo kichwa chake kizima kabisa. Tena angalia vizuri ulichoniandikia, maana nadhani hujakiona wewe mwenyewe: swali la Jumamosi dukani na swali la usiku kwenye daftari ni SWALI MOJA. Nusu na robo. La dukani kapata, la kwenye daftari kakosa. Kwahiyo kujumlisha sehemu anajua, isipokua hajaambiwa na mtu kwamba ile 1/2 iliyoandikwa kwenye daftari ndio lile jiwe lake la nusu. Kwake yeye ile ni namba moja imekaa juu ya mbili, basi anazijumlisha kama alivyozoea namba zote.

Na hayuko peke yake. Mwaka 1985 watafiti watatu walitoa utafiti walioufanya mji wa Recife kule Brazil, walikwenda kwa watoto wanaouza vitu sokoni na barabarani wakawa wananunua kwao huku wanawauliza bei. Mtoto mmoja aliulizwa nazi nne kila moja 35 ni shilingapi, akapiga kichwani, tatu ni 105, ongeza moja, akasema 140. Baadae wakampa karatasi yenye 35 mara 4, akaanza nne mara tano ishirini, beba mbili, akaishia 200. Mahesabu ya kule kwenye biashara watoto wale walipata karibu yote, asilimia 98, lakini namba zilezile zikiwa tupu kwenye karatasi wakapata asilimia 37, na zikiwekwa kwenye hadithi ya maneno wakapanda mpaka asilimia 74 hivi. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na hicho kitu nimekiona kwa macho yangu, mtoto anauza karanga stendi hadhulumiwi hata shilingi, darasani anaitwa mjinga.

Sasa hiyo 2/6 na 2/5 inatoka wapi. Fungua daftari lake lolote la zamani uangalie alama alizopewa. Utakuta 7/10, zoezi lingine 8/10, na mwisho wa wiki jumla 15/20. Unaona? Pale juu kajumlishwa na juu, chini na chini, na ni sahihi kwa kazi ile, maana zile ni alama, maswali kumi na mengine kumi yamekua ishirini. Mtoto ameiona hiyo toka darasa la kwanza, halafu darasa la tatu au la nne anakuja kuambiwa uandishi uleule sasa una maana nyingine, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba maana imebadilika. Kwahiyo usimwambie ni uzembe. Kafuata alichokiona.

Jioni ya leo mkishafunga duka fanyeni hivi, na msishike daftari kwanza. Mwambie aweke jiwe la nusu upande mmoja wa mizani, halafu aulizwe upande wa pili aweke robo ngapi ili zikae sawa. Kama jiwe la robo unalo moja tu, pimeni sukari robo kwenye kifuko, kifuko kiwe robo ya pili. Ataweka mbili, mizani italala sawa. Usiseme kitu, acha aangalie. Halafu muulize, mteja akitaka nusu na robo, nikitoa hili jiwe la nusu nikaweka robo zake mbili badala yake, jumla kwenye mizani kutakua na robo ngapi? Atasema tatu. Robo tatu. HAPO SASA ndo uchukue daftari, uandike 1/2 chini yake 2/4, ongeza 1/4, jibu 3/4, na kila unachoandika mwonyeshe jiwe lake kwa kidole. Usiharakishe hapa, kaeni hapo hata siku tatu, maana hapa ndo pametoka shida yote. Wakimwambia tafuta KDS ni hicho tu wanamaanisha, badilisha mawe yote yawe ya aina moja ndo uhesabu. Twisheni wamemfundisha wimbo wa KDS bila kumwonyesha mawe.

Na lugha yetu hapa inatusaidia sana jamani, sijui kwanini hatuitumii. Sikiliza mwenyewe unavyosema: viti vitatu, maembe matatu, robo tatu. Kitu kwanza, idadi baadae. Robo ni kitu kama embe lilivyo kitu, na tatu ni idadi yake. Robo moja ukiongeza robo mbili unapata robo tatu, hakuna mtoto atakayekwambia unapata "nane tatu", yani 3/8, kama ambavyo embe moja na maembe mawili hayageuki kuwa matunda ya aina nyingine. Shida inaanza tukimfundisha kusoma "tatu juu ya nne", hapo tayari tumempa namba mbili zilizopandana na yeye atazijumlisha zote mbili. Mzoeshe kusoma kwa majina, nusu, robo, theluthi, na zisizo na jina la kawaida aseme "za tano mbili", "za sita tano", hata kama haisikiki vizuri kwa mwalimu wa lugha, kwa sasa acha aseme hivyo, akishaelewa atasoma kama darasani wanavyosoma.

Hata yale maneno ya darasani, kiasi na asili, ni mazuri mno ila tunayakaririsha tu kama majina ya wilaya. Asili ni pale kitu kilipotoka. Kipande hiki asili yake nini? Kimetoka kwenye chapati iliyokatwa nne. Kiasi ni unavyo vingapi. Ninavyo vitatu. Namba ya chini inakwambia ni vipande vya namna gani, ya juu inakwambia ni vingapi. Ndo maana ukijumlisha asili hairuhusiwi kubadilika ovyo, kipande cha chapati iliyokatwa nne hakiwezi kugeuka cha chapati iliyokatwa sita kwasababu tu umekiweka karibu na mwenzake.

Ile ya 1/8 na 1/4 wala isikusumbue, jibu lipo dukani kwako. Wateja wako si wanaomba "nusu robo"? Hiyo nusu robo ndo 1/8, robo nne zinatoa kilo, kila robo ukiigawa mara mbili unapata vipande nane. Muulize tu, robo na nusu robo ipi bei kubwa? Atakucheka. Robo 750, nusu robo 375. Kisha uandike 1/4 na 1/8 uweke bei pembeni. Ukitaka aone kwa macho chukua chapati mbili zinazolingana, moja kata kwa watu wanne nyingine kwa watu wanane, muulize anataka kula kwenye ipi. Wakigawana wengi kila mtu anapata kidogo, hilo kwa mtoto aliyekulia nyumba ya watoto watatu halihitaji mwalimu. Bahati nzuri hapo hapo umeshamfundisha na kuzidisha bila yeye kujua, nusu YA robo ni 1/2 mara 1/4, ni 1/8, lakini hilo la kuzidisha liache kwanza, litakuja lenyewe.

Sasa theluthi ndo pagumu kidogo, maana jiwe la theluthi halipo na chapati kuikata tatu sawasawa inataka mkono. Tumia daftari la hesabu lenye vyumba. Mwambie akate ukanda wa vyumba kumi na mbili, upana chumba kimoja, kama rula. Huo wote ndo kizima, ndo kilo. Nusu yake vyumba 6. Theluthi yake, kama wanagawana watatu, vyumba 4. Robo vyumba 3. Mwache azipate mwenyewe kwa kuhesabu na kukunja, usimwambie. Halafu lile swali lake, 1/2 + 1/3. Apake rangi vyumba 6, aongeze 4, vimekua 10 katika 12. Ukivifunga viwili viwili unapata 5/6. Nimechagua kumi na mbili kwasababu inakubali nusu, theluthi, robo na hata ya sita, utafanyia mambo mengi kwa ukanda uleule. Za tano hazikubali, kwa hizo tumia sarafu, mia mbili tano zinatoa elfu moja, kwahiyo mia mbili ni 1/5 ya elfu, na mia ni 1/10.

Kuna kitu kimoja naomba mwanangu ukishike kuliko vyote, hata hayo mengine ukiyasahau. Mfundishe kulipima jibu lake kabla hajalipeleka kwa mwalimu. Alisema nusu na robo ni 2/6. Mwambie haya tuuze. 2/6 ni sawa na theluthi, theluthi ya 3,000 ni 1,000. Nusu peke yake ni 1,500. Yani mteja kachukua nusu, kaongezewa na robo juu, halafu analipa pungufu ya bei ya nusu? Duka litafungwa. Na ile 2/5 hivyohivyo, ni 1,200, bado haijafika hata nusu, wakati jibu la kweli ni 1,500 ongeza 1,000, 2,500. Mtoto akizoea kujiuliza "hili jibu langu limezidi nusu au halijafika, limezidi kizima au halijafika" makosa mengi yanakufa yenyewe, hata akisahau kanuni. Mimi wanafunzi wangu nilikua nawakataza kuandika hata namba moja mpaka wameniambia kwa mdomo jibu litakua kubwa kuliko nusu au dogo. Walilalamika sana mwanzo.

Kingine, vipande lazima vilingane na kizima kiwe kilekile. Inaonekana jambo dogo ila watoto wengi wanadhani ukikata chapati mara nne popote pale umepata robo. Nusu ya chapati ndogo haiwi sawa na nusu ya chapati kubwa. Ukiwa unakata na yeye, kata makusudi vibaya siku moja, kimoja kikubwa vitatu vidogo, uulize hii ni robo? Atakataa mwenyewe, hasa ukimpa kile kidogo.

Sisi tuliosoma zamani Tanga tulikua na vibaba vya kupimia nafaka, kibaba kimoja, viwili ni kisaga, vinne ni pishi, bibi yangu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja ila ukimwomba robo ya pishi alikua hafikirii, kibaba hicho. Na mkiwa na mtoto anayesoma madrasa basi huko kwenye mirathi atakutana nazo zote, nusu, robo, thumni (1/8), theluthi mbili, theluthi na sudusi (1/6), mjane aliyeachiwa watoto fungu lake ni thumni, bila watoto ni robo. Haya maneno yapo midomoni mwetu miaka na miaka, wewe unasema hujui sehemu wakati kila siku unauza kwa sehemu. Kwahiyo jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo, unaweza kumsaidia, na huenda kuliko twisheni. Mia tano za wiki mbili hivi nunueni mayai.

Kuhusu kuchapwa na kufinywa nitasema wazi na naomba na baba yake asome. Acheni. Nimeona watoto wengi, akishaanza kuchapwa kwa ajili ya hesabu anachojifunza ni kuogopa, akiona ule mstari katikati ya namba mbili kichwa kinafunga hata kile anachokijua hakitoki, na ndo hicho unachokiona, dukani mwepesi, kwenye daftari mkono unatetemeka. Wewe umeshajuta, hilo linatosha, lakini mwambie mtoto. Mwambie nilikosea kukufinya, Jumamosi ulipima sukari vizuri na ile ndo hesabu yenyewe. Mtoto wa miaka kumi akisikia hivyo kwa mama yake atarudi kwenye daftari. Na baba akae naye hata jioni moja ampe elfu kumi za kuchezea duka, aone mwenyewe.

Mwalimu wake pia mwendee, nenda saa ya mapumziko usiende na malalamiko, mwenye watoto mia na kitu darasani naye ni wa kuhurumiwa. Mwambie tu, mwanangu anaelewa akisikia robo na nusu, haelewi akisikia moja juu ya nne, naomba siku mojamoja umwite ubaoni umuulize kwa mawe ya dukani. Mwalimu mwingine atalipenda na atalitumia kwa darasa zima.

Mda wenu uwe mfupi, dakika kumi na tano, robo saa, zikiisha mwache akacheze hata kama ndo anaanza kuelewa. Wiki mbili za mwanzo mizani na ukanda tu, halafu taratibu daftari.

Na wiki ya tatu muulize hili kwa niaba yangu. Jiwe la robo limepotea, limebaki la kilo na la nusu, mteja kasimama anataka robo ya sukari, utampimia vipi? Wewe nitakupa jibu, pima nusu kwa jiwe la nusu, toa jiwe, halafu ile sukari igawe kwenye pande mbili za mizani mpaka zilale sawa, kila upande ni robo. Yeye usimwambie, hata akikuomba. Akishaipata muulize na nusu robo, halafu uniandikie alisemaje.